Kuni za Meli ya Wissmann

Ukitoka Kyela mjini unapita Ipinda, mpunga na mikakao ikikusindikiza pande zote mbili, mpaka Matema. Hapo Milima ya Livingstone inatumbukia katika Ziwa Nyasa na barabara inakwisha. Anayetaka kwenda mbele, Ikombe au Lumbila, hupanda boti au huifuata njia ya miguu ubavuni mwa mlima. Katika ghuba ya Lumbila ndipo Wajerumani walipojenga Langenburg mwaka 1893, kituo chao cha ziwani, kabla ya kuhamishia boma Tukuyu karibu na mwaka 1900. Mwaka huohuo wa 1893 meli yao, Hermann von Wissmann, iliingia majini. Ilikuwa imeletwa vipande vipande kwa njia ya mito Zambezi na Shire, na kuvushwa nchi kavu pale maporomoko yalipozuia vyombo.

Wanahistoria huikumbuka meli hiyo kwa tarehe 13 Agosti 1914, Kapteni Rhoades wa meli ya Waingereza, Guendolen, alipoishambulia ikiwa imepandishwa nchi kavu Liuli, nahodha wake Berndt akiwa hata hajapata habari kwamba vita vimeanza. Mimi hunivutia zaidi tanuri lake. Meli za mvuke za ziwa hili zilikula kuni, na kila safari ilihitaji watu wa kukata miti, kuipasua, kuibeba hadi ufukweni na kuipanga. Makaa ya mawe yalikuwapo karibu, upande wa Kiwira na Songwe, na mwanajiolojia Wilhelm Bornhardt aliyachunguza miaka ya 1890. Lakini mgodi wa Kiwira ulikuja kufunguliwa mwaka 1988. Wakati wa Wissmann msitu ndio uliokuwa ghala la nishati.

Jambo ambalo wapasua kuni wale hawakuwa na sababu ya kulijua ni kwamba walikuwa wakibeba sukari. Mti mkavu, kwa uzito, karibu nusu yake ni selulosi, yaani chembe za glukosi zilizoungana kwa mnyororo mrefu. Robo hivi ni hemiselulosi, nayo ni sukari za aina nyingine. Kinachobaki kwa sehemu kubwa ni lignini, gundi inayoupa mti ugumu na kuwazuia walaji. Mwaka 1819 Mfaransa Henri Braconnot wa mji wa Nancy alikuwa ameshaloweka vitambaa vikuukuu vya kitani katika asidi ya salfa akapata sukari. Kwa hiyo elimu ilikuwapo. Kilichokosekana ni sababu ya kuingia gharama.

Sababu iliwapata Wajerumani baada ya kunyang'anywa koloni. Wakihofia kukosa chakula cha mifugo na mafuta ya magari, walijenga viwanda vya kuvunja mbao. Huko Tornesch, karibu na Hamburg, Heinrich Scholler alitumia asidi nyepesi, joto kali na shinikizo. Tani moja ya mbao kavu ilitoa spiriti lita 200 na zaidi. Huko Mannheim-Rheinau, Friedrich Bergius, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1931, alitumia asidi kali ya hidrokloriki. Kila njia ilikuwa na kisirani chake: asidi hutafuna mitambo, na katika njia ya Scholler joto lilelile linaloitoa sukari huiunguza. Mafuta ya bei rahisi yalipoenea baada ya Vita vya Pili vya Dunia, hesabu ilikataa.

Dawa ya kisirani hicho ilitoka kwenye uozo. Katika Vita vya Pili, mahema na mikanda ya pamba ya jeshi la Marekani ilikuwa ikioza visiwani Pasifiki, na katika Visiwa vya Solomon wakamnasa mhalifu, ukungu ambao leo unaitwa Trichoderma reesei. Vimeng'enya vyake huikata selulosi polepole, bila asidi kali, na mpaka sasa viwanda vinavitegemea. Mtu wa Kyela ana haki ya kucheka kidogo hapa. Mchwa wa vichuguu wamekuwa wakifanya kazi hiyo tangu zamani sana: wanaleta vipande vya miti shimoni, wanaotesha juu yake ukungu unaovunja lignini na selulosi, kisha wanaula. Mvua za kwanza zikinyesha sisi tunakula kumbikumbi, na uyoga unaochomoza kichuguuni. Tunakula msitu uliokwisha kusagwa.

Ukiuvuka mlima kutoka ziwani unafika Njombe, na huko ndiko kuna kiwanda kinachostahili kutazamwa. Kampuni ya miwati, TANWAT, ilianzishwa mwaka 1949. Gome la muwati linatolewa tanini ya kusindikia ngozi. Mti uliobaki unachomwa kupata mvuke, na tangu miaka ya 1990 unazalisha umeme wa megawati mbili na nusu. Kinauza kwanza kilicho ghali, kisha kinachoma kisicho na mnunuzi. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo, Mufindi, kilichoanza miaka ya 1980, kina mpangilio unaofanana: nyuzi zinakuwa karatasi, na maji meusi yanayobaki, yenye lignini pamoja na sehemu kubwa ya hemiselulosi, yanaingia tanurini. Sehemu ya sukari ya mti inapotelea humo. Kama kuna mahali pa kuanzia katika nyanda hizi, kwa maoni yangu ni hapo, kwa kuwa mti umekwisha kukusanywa, kukatwakatwa na kupikwa. Kukusanya ndiko kunakoua miradi mingi.

Kyela yenyewe haina misitu ya kupandwa ya kiasi hicho. Ina maganda ya kakao, ambayo baada ya mbegu kutolewa huachwa shambani, na ina pumba zinazorundikana nje ya mashine za kukoboa mpunga. Pumba ni malighafi ngumu, kwa kuwa silika iliyomo, karibu sehemu moja kwa tano, hulinda selulosi na kukwaruza vyuma. Maganda ya kakao ni laini zaidi, ila yana maji mengi na yametawanyika kwa wakulima wadogo. Kwa sasa pumba zina mteja wake: zinachoma matofali.