Chipu ya Mobib: Nauli Ilivyolindwa na Abiria Akaachwa Wazi

Katika mageti ya metro ya Gare du Midi, kituo kikubwa cha reli cha Brussels, kadi ya nauli ya Mobib inapogusishwa kwenye kisomaji, chipu ya kadi na chipu nyingine iliyofungwa ndani ya mtambo huhakikishana kwa funguo za siri ambazo kamwe hazitolewi nje. Kinga ya namna hii, inayokabidhi siri kwa maunzi, yaani kifaa chenyewe, badala ya kuitegemea programu peke yake, sasa inawahusu pia wakazi wa Dar es Salaam, waliokwisha kuizoea kadi ya malipo ya N-Card katika kivuko cha Kigamboni.

Mfaransa Roland Moreno alisajili hataza ya kadi yenye kumbukumbu mwaka 1974, na katika miaka ya 1990 ukabuniwa mfumo wa tiketi za kielektroniki wa Calypso, na Brussels ilikuwa miongoni mwa miji iliyoshiriki kuubuni. Mobib, iliyojengwa juu ya mfumo huo, ilianza kutumika mwaka 2008.

Mwaka uliofuata ulizuka mzozo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Louvain, akiwemo Gildas Avoine, walionyesha kwamba mtu mwenye kompyuta na kisomaji cha kununuliwa dukani aliweza kusoma kadini jina la abiria, tarehe yake ya kuzaliwa, msimbo wa posta na safari zake tatu za mwisho, pamoja na saa na kituo alichopandia. Tofauti na kadi za MIFARE Classic, ambazo usimbaji wake ulivunjwa na watafiti wa Nijmegen, Uholanzi, mwaka 2008, hapa hakuna ufunguo uliovunjwa, kwa kuwa habari hizo hazikufungwa kabisa: chipu ilizuia nauli isighushiwe, lakini mwenendo wa raia haukuhesabiwa kuwa mali ya kulindwa. Hilo linasikitisha zaidi katika Ubelgiji, nchi ya Joan Daemen na Vincent Rijmen, ambao usimbaji wao, Rijndael, uliteuliwa na Marekani mwaka 2000 kuwa kiwango chake cha usimbaji, AES, na leo umejengwa ndani ya prosesa za kompyuta nyingi duniani.

Baadaye ilikuja kadi ya Mobib Basic, isiyobeba jina la abiria, na tangu 2020 kadi za benki hupokewa getini.

Kwa funzo hilo la Brussels, mamlaka za usafiri za Afrika Mashariki, kabla ya kusaini mkataba wa kadi, ziwatake wauzaji waeleze kwa maandishi ni habari gani za abiria zinazosomeka bila ufunguo.