Lenzi ya pili: Jinsi ya kuchagua kwa fedha kidogo

WAPIGA picha wengi wanaojiajiri mijini huanza kazi wakiwa na kamera moja na lenzi moja. Lenzi hiyo kwa kawaida ni ile inayouzwa ndani ya boksi moja na kamera, ya milimita 18 hadi 55. Baada ya miezi kadhaa ya kupiga picha za kipaimara, mahafali na harusi, mwenye kamera hugundua kuwa zipo picha anazozikosa kila mara. Hapo ndipo swali linapozuka: akiba ndogo iliyopatikana inunue lenzi gani?

Swali hilo si dogo. Kwa mtu anayelipwa kwa shughuli moja moja, lenzi inaweza kumeza mapato ya miezi mingi, na asipochagua vizuri atajikuta na lenzi mbili zinazofanya kazi ileile. Lenzi inayosifiwa zaidi dukani huenda isiwe jibu lake. Inayomfaa ni ile inayoziba pengo ambalo picha zake mwenyewe zinalionyesha.

Picha za zamani ndizo mshauri wa kwanza

Kamera ya dijitali huhifadhi ndani ya kila faili la picha taarifa za namna picha hiyo ilivyopigwa: milimita zilizotumika, ukubwa wa tundu la lenzi, kasi ya shata na kiwango cha ISO. Programu nyingi za kompyuta za kuangalia picha huzionyesha bila malipo yoyote.

Anayetaka kununua lenzi afungue picha za shughuli tatu za mwisho na aziangalie hasa zile alizozitupa. Zitagawanyika katika mafungu. Fungu la kwanza ni la picha zilizoingia giza au kufifia kwa sababu watu walikuwa wakitembea. La pili ni la picha ambazo mhusika ni mdogo mno, kwa kuwa alikuwa mbali. La tatu ni la picha zilizokata watu pembeni kwa sababu chumba kilikuwa kidogo. Fungu lenye picha nyingi ndilo linalostahili fedha, na mengine yasubiri.

Hesabu ya mwanga

Kwa wanaofanya kazi za kumbini usiku, fungu la kwanza ndilo huwa kubwa. Sababu yake inaonekana kwenye lenzi yenyewe. Lenzi ya kawaida ya 18 hadi 55, ikivutwa hadi mwisho, hufungua tundu lake hadi f/5.6 tu. Katika namba hizi, namba ndogo humaanisha tundu kubwa. Lenzi ya f/1.8 huingiza mwanga unaokaribia mara 10 ya ule unaoingizwa na f/5.6.

Tofauti hiyo ina maana kubwa. Mahali ambapo lenzi ya kwanza inalazimisha shata ya 1/15 ya sekunde, lenzi ya f/1.8 inaruhusu takriban 1/125. Kwa kasi ya kwanza, bibi harusi anayeingia ukumbini hutoka kama kivuli. Kwa kasi ya pili anaonekana vizuri. Kifaa cha kutuliza mtikisiko kilichomo katika lenzi nyingi husaidia mkono unaotetemeka, lakini hakiwezi kumsimamisha mtu anayetembea.

Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8 ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu kwa sababu haivuti, hivyo haihitaji vioo vingi ndani yake. Canon ilitoa toleo la pili la lenzi yake ya aina hiyo mwaka 1990, likiwa na uzito wa gramu 130 na pete ya kufungia ya plastiki. Mwaka 2015 ilitoa toleo jingine lenye pete ya chuma, kwa bei ya kuanzia ya takriban dola 125 nchini Marekani. Lenzi ya kampuni hiyo ya milimita 24 hadi 70 yenye f/2.8, toleo la pili, ilitangazwa mwaka 2012 kwa dola 2,299, ambazo ni zaidi ya mara 18. Bei za leo dukani ni nyingine, lakini pengo kati ya aina hizo mbili bado ni kubwa.

Hata hivyo, tundu kubwa lina gharama yake. Kwa f/1.8, eneo linaloonekana kwa ukali ni jembamba sana, kiasi kwamba jicho la bibi harusi linaweza kuwa safi huku uso wa bwana harusi aliyesimama nyuma yake kidogo ukiwa umefifia. Wanaopiga watu wawili hulipunguza tundu hadi f/2.8, ambayo bado huingiza mwanga mara nne ya f/5.6.

Milimita 50 au 35?

Kamera nyingi za bei nafuu zina sensa iliyo ndogo kuliko fremu ya filamu ya milimita 35. Kwa sababu hiyo, lenzi ya milimita 50 huonyesha eneo finyu zaidi: kwenye Canon za aina hiyo huwa sawa na milimita 80, na kwenye Nikon sawa na milimita 75. Upana huo unafaa kwa picha za uso na nusu mwili, lakini sebuleni mpiga picha atagonga ukuta kabla hajaipata familia nzima.

Anayefanya kazi nyingi vyumbani anaweza kufaidika zaidi na lenzi fupi. Nikon ilitoa lenzi ya milimita 35 yenye f/1.8 kwa ajili ya sensa ndogo mwaka 2009, na Canon ikatoa ya milimita 24 yenye f/2.8 mwaka 2014.

Kuamua hakuhitaji fedha. Lenzi ya 18 hadi 55 iwekwe kwenye milimita 50 na kuzuiwa kwa gundi ya karatasi, kisha ifanye kazi hivyo siku nzima. Siku inayofuata iwekwe kwenye 35. Baada ya siku mbili, mwenye kamera atajua ni upana upi unaomfaa.

Lenzi na kamera zielewane

Wengi hupoteza fedha kwa kununua lenzi isiyoelewana na kamera. Lenzi za Canon za aina ya EF zilianza mwaka 1987, na zile za zamani za FD haziwezi kufungwa moja kwa moja badala yake. Lenzi za EF-S, zilizoanza mwaka 2003, ni za kamera zenye sensa ndogo, na haziingii kwenye kamera za kioo za Canon zenye sensa kubwa.

Kwa Nikon, mtego uko kwenye mota. Kamera kama D40 ya mwaka 2006, na zile za mifululizo ya D3000 na D5000, hazina mota ya kuzungusha lenzi. Lenzi ya zamani ya milimita 50 yenye alama ya AF-D itafungika humo na kupiga picha, lakini haitalenga yenyewe. Wenye kamera hizo watafute yenye alama ya AF-S, ambayo mota yake imo ndani ya lenzi. Toleo la AF-S la milimita 50 yenye f/1.8 lilitoka mwaka 2011.

Anayetarajia kuhamia kamera zisizo na kioo naye apange mapema. Lenzi za EF hufanya kazi vizuri kwenye kamera za Canon za RF, zilizoanza mwaka 2018, kwa kutumia adapta. Lenzi za RF, kwa upande wao, haziwezi kurudi nyuma kwenye kamera za kioo.

Mbali na karibu

Ikiwa fungu kubwa ni la watu walio mbali, lenzi za milimita 55 hadi 200 au 55 hadi 250 hupatikana kwa bei ya wastani. Zinafaa viwanjani na kwenye mahafali ya mchana. Ndani ya ukumbi wenye mwanga hafifu hazitasaidia sana, kwa kuwa nazo huishia f/5.6. Lenzi kubwa ya 70 hadi 200 yenye f/2.8 ni ghali, na kwa shughuli chache za mwaka ni heri kuikodi.

Kwa asiyeweza kubadilisha lenzi katikati ya shughuli, Tamron ilianza kutoa mwaka 2006 lenzi ya milimita 17 hadi 50 yenye f/2.8 kuanzia mwanzo hadi mwisho. Iliyotumika hugharimu kidogo kuliko za kampuni za kamera, nayo inaweza kuchukua nafasi ya lenzi ya kwanza kabisa.

Iliyotumika na mtego wa kuvu

Lenzi iliyotunzwa haichakai upesi, hivyo kununua iliyotumika ni njia nzuri ya kuokoa fedha. Lakini katika miji ya pwani kama Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Zanzibar, unyevu wa hewa huleta kuvu ndani ya vioo. Kuvu hiyo hula utando uliopakwa juu ya kioo, na hata ikisafishwa, alama zake zinaweza kubaki.

Mnunuzi aende na tochi na kamera yake. Amulike lenzi kutoka upande mmoja huku akitazama kutoka upande mwingine. Chembe chache za vumbi hazina madhara, lakini nyuzi kama za utando wa buibui ni kuvu, na lenzi hiyo iachwe. Kisha apige picha kwa tundu lililo wazi kabisa, karibu na mbali, na kulinganisha upande wa kulia na wa kushoto. Upande mmoja ukififia daima, huenda lenzi iliwahi kuanguka. Malipo yafuate baada ya majaribio, pamoja na risiti yenye namba ya lenzi, ili mnunuzi asije akatuhumiwa kununua mali ya wizi.

Baada ya kununua, lenzi ihifadhiwe ndani ya kopo linalofunga vizuri lenye vifuko vya silika, badala ya mfuko wa ngozi unaonyonya unyevu. Unyevu wa asilimia 40 hadi 50 ndio unaopendekezwa.

Pengine si lenzi

Kabla ya kulipa, kuna swali moja la mwisho. Picha ya pamoja ya watu 20 waliopangwa safu tatu haiwezi kuokolewa na f/1.8, kwa kuwa safu ya nyuma itafifia. Inayohitajika hapo ni flashi iliyoelekezwa kwenye dari nyeupe, huku lenzi ya kwanza ikiendelea kutumika. Ni mahali ambapo flashi hairuhusiwi, kama katika baadhi ya ibada, ndipo lenzi ya tundu kubwa inapokosa mbadala.

Bei ya lenzi igawanywe kwa kiasi kinachobaki mfukoni baada ya gharama za shughuli moja. Jibu ni idadi ya shughuli zitakazorudisha fedha hizo. Idadi hiyo ikizidi kazi zilizokwisha kuahidiwa, kukopa kwa ajili ya lenzi ni kujitafutia deni, na kuikodi kwa siku moja kutampa mpiga picha jibu lilelile kwa gharama ndogo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la mpiga picha limo ndani ya kompyuta yake.