Huduma Iliyohamia Ukutani: Historia ya Hoteli ya Wafanyabiashara Katikati ya Jiji

Hoteli ya wafanyabiashara iliyojengwa katikati ya jiji ni aina mahususi ya nyumba ya wageni, kwa kuwa mgeni wake hafiki kupumzika wala kutalii, bali hufika kumaliza shughuli fulani kwa siku chache, naye yuko radhi kulipa zaidi ili alale karibu na benki, mahakama na ofisi anazozihitaji. Huduma anazozikuta humo, kama vile bafu la chumbani, simu, gazeti la asubuhi, kufuliwa na kupigiwa pasi nguo, na ukumbi wa mikutano, zimezoeleka kuhesabiwa kuwa anasa. Historia yake, hata hivyo, inaonyesha kwamba nyingi kati ya hizo zilienea kwa sababu nyingine kabisa, nayo ni kuokoa muda wa mgeni na kupunguza gharama za mwenye hoteli, na kwamba njia iliyotumika mara kwa mara ilikuwa kuichukua kazi iliyofanywa na mtumishi mbele ya mgeni na kuihamishia ndani ya kuta, mabomba na nyaya.

Mwanzo wa safari hiyo huwekwa mjini Boston, Marekani, ambako Tremont House ilifunguliwa mwaka 1829 kwa ramani ya msanifu Isaiah Rogers. Hadi wakati huo msafiri wa Marekani alilala katika nyumba za barabarani zilizochanganya baa na malazi, ambako haikuwa ajabu kugawiwa chumba, pengine hata kitanda, pamoja na mtu asiyemjua. Tremont House, iliyokuwa na vyumba 170, ilimpa mgeni chumba cha peke yake chenye mlango wa kufungwa kwa ufunguo, pamoja na sabuni isiyolipiwa, ikaweka vyoo vinane vya maji katika ghorofa ya chini na mabafu katika orofa ya chini ya ardhi. Aidha, palikuwa na ubao wa kengele, yaani chombo kilichounganishwa na vyumba kwa nyaya, ambacho kilimwonyesha karani wa mapokezi ni chumba kipi kinachoita, hivi kwamba mgeni hakulazimika tena kutoka na kupaza sauti ukumbini. Vitu hivyo vyote vilikuwa na tabia moja: kila kimoja kilimpunguzia mgeni haja ya kumtafuta mtu.

Reli ndiyo iliyomleta mteja aliyezifanya huduma hizo kuwa biashara kubwa. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, viwanda vya Marekani vilituma maelfu ya mawakala wa mauzo, watu waliosafiri mji hadi mji wakiwa na masanduku ya sampuli za vitambaa, viatu, vyombo vya chuma na dawa ili kuchukua oda za wenye maduka. Hoteli za mijini ziliwatengea vyumba vya sampuli, yaani vyumba vikubwa vyenye mwanga wa kutosha na meza ndefu, ambamo wakala alipanga bidhaa zake na kuwapokea wanunuzi mmoja baada ya mwingine, jambo lililomaanisha kwamba hoteli ilikuwa mahali pa kulala na pa kuuzia kwa wakati mmoja. Ukumbi wa mikutano wa hoteli za leo unafanya kazi iliyo karibu sana na ya vyumba hivyo. Hata Biblia inayokutwa katika droo ya meza ya kitandani ni urithi wa watu hao, kwa maana Wagideoni, jumuiya iliyoanzishwa katika jimbo la Wisconsin mwaka 1899, walikuwa mawakala wa mauzo Wakristo, na kazi ya kuweka Biblia katika vyumba vya hoteli waliianza mwaka 1908.

Wateja hawa walibadili pia namna ya kutoza malipo. Utaratibu ulioitwa mpango wa Kimarekani uliunganisha chumba na milo yote katika bei moja, na milo hiyo iliandaliwa kwa saa maalumu katika ukumbi mkubwa. Lakini mtu aliyekuwa akizunguka madukani tangu asubuhi alijikuta akilipia chakula asichokila. Polepole hoteli za mijini zikaelekea kwenye mpango wa Kiulaya, ambao ulitoza chumba peke yake na kumwachia mgeni uhuru wa kula atakapo. Wakati huohuo teknolojia ziliingia moja baada ya nyingine: hoteli ya Fifth Avenue ya New York ilikuwa na lifti ya abiria ilipofunguliwa mwaka 1859, na mwaka 1894 hoteli ya Netherland ya jiji hilohilo iliweka simu vyumbani. Kwa muda mrefu, hata hivyo, vitu hivyo viliwafikia matajiri tu, na mfanyabiashara wa kawaida aliendelea kutembea ukumbini usiku akitafuta bafu la pamoja.

Aliyelibadili hilo alikuwa Ellsworth Milton Statler, aliyezaliwa Pennsylvania mwaka 1863, akafanya kazi katika kiwanda cha vioo akiwa bado mtoto, kisha akaajiriwa kuwa mtumishi wa mizigo na kengele katika hoteli ya McLure House mjini Wheeling, West Virginia. Kazi hiyo ilimfundisha hoteli kutoka upande wa anayeitwa. Mwaka 1908 alifungua hoteli yake mjini Buffalo, jimbo la New York, yenye vyumba 300, na tangazo lake liliahidi chumba na bafu kwa dola moja na nusu. Kila chumba kilikuwa na bafu lake, na bei ilikuwa ya mtu wa kipato cha kati. Mambo hayo mawili yalikuwa hayajawahi kukutanishwa katika hoteli kubwa.

Ufumbuzi wake ulikuwa wa mabomba. Vyumba vilipangwa viwili viwili ili mabafu yake yapeane migongo, na kati ya kuta hizo mbili ukaachwa mwanya wa wima uliopanda kutoka ghorofa ya chini hadi juu, ambamo yalipita mabomba ya maji baridi, ya maji moto, ya maji taka na ya joto, pamoja na nyaya za umeme. Seti moja ya mabomba ilihudumia mabafu mawili katika kila ghorofa, mabafu ya ghorofa zote yakasimama juu ya mstari mmoja, na fundi aliweza kuingia kwenye mwanya huo na kuziba bomba linalovuja bila kubomoa ukuta wala kumsumbua mgeni. Mwanya huo, ambao wasanifu wa hoteli waliendelea kuuita kwa jina la Statler, ndio ulioshusha gharama ya bafu hadi likawezekana kuwekwa katika kila chumba, na mpangilio wa namna hiyo ungali unatumika katika hoteli nyingi zenye ghorofa.

Vitu vidogo vya hoteli hiyo vilifuata hesabu ileile. Tundu la ufunguo liliwekwa juu ya kitasa badala ya chini yake, ili mgeni anayerudi usiku alione bila mkono wake kulikinga; swichi ya taa ilikuwa kando ya mlango, kwa hiyo hakuna aliyepapasa gizani; bomba la pekee lilileta maji ya kunywa yaliyopozwa, na hivyo likafuta safari nyingi za watumishi waliokuwa wakipandisha majagi ya maji ya barafu; gazeti la asubuhi lilipenyezwa chini ya mlango bila malipo. Ukiyatazama mambo hayo kwa jicho la mgeni, ni ukarimu, lakini kwa jicho la mhasibu kila moja ni mwito wa kengele uliopungua, na kila mwito uliopungua ni mshahara uliookolewa.

Jambo lililoonyesha mwelekeo huo waziwazi zaidi lilikuwa bakshishi, yaani fedha ndogo anayopewa mhudumu nje ya malipo ya hoteli, ambayo wasafiri wa Marekani wa wakati ule waliilalamikia sana. Hoteli ya Pennsylvania, iliyofunguliwa New York mwaka 1919 mkabala na kituo cha reli ikiwa na vyumba 2,200 chini ya usimamizi wa Statler, ilikuwa na milango ya pekee iliyojulikana kama Servidor. Mlango huo ulitokeza kwa unene pande zote mbili kwa sababu katikati yake palikuwa na kabati, lenye kijilango kimoja upande wa chumbani na kingine upande wa ukumbini. Mgeni alitundika ndani yake suti ya kupigwa pasi au akaweka viatu vya kung'arishwa, akafunga upande wake. Mtumishi akafungua upande wa pili, akavichukua, na baadaye akavirudisha, bila wawili hao kuonana. Mgeni aliepuka kubishiwa hodi na kutoa bakshishi, lakini mhudumu alipoteza mapato na pia fursa ya kujulikana, kwa kuwa kazi yake sasa ilionekana kana kwamba imejifanya yenyewe.

Ikumbukwe kwamba ukarimu huo wote ulikuwa na mipaka ya rangi. Wamarekani weusi wengi walifanya kazi katika hoteli za mijini wakiwa wapagazi, wapishi na wasafisha vyumba, ilhali weusi wenzao waliosafiri kibiashara walikataliwa malazi katika nyingi kati ya hizo, kwa sheria upande wa Kusini na kwa desturi kwingineko, hata ikalazimu kuchapishwa kitabu cha mwongozo, Green Book, kilichotolewa tangu mwaka 1936 kuwaonyesha mahali watakapopokewa. Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 ilipopiga marufuku ubaguzi huo, mmiliki wa hoteli moja mjini Atlanta aliipinga mahakamani, na Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua mwezi Desemba mwaka huohuo kwamba Bunge lilikuwa na mamlaka ya kuitunga, kwa hoja kwamba kumnyima msafiri malazi ni kuzuia biashara baina ya majimbo. Biashara, iliyokuwa imeijenga hoteli ya mjini, ndiyo iliyotumika pia kama msingi wa kisheria wa kuifungua milango yake kwa wote.

Statler alifariki mwaka 1928, na mwaka 1954 Conrad Hilton alizinunua hoteli zake kwa dola milioni 111. Kupitia kampuni za aina hiyo, mtindo wa Buffalo ulivuka bahari. Afrika Mashariki ilikuwa na hoteli za kifahari kabla ya hapo, kama Norfolk ya Nairobi iliyofunguliwa mwaka 1904, lakini hizo zilikuwa za walowezi na wawindaji, na chini ya ukoloni Mwafrika aliingia humo akiwa mtumishi. Baada ya uhuru, hoteli ya ghorofa nyingi katikati ya jiji ilichukuliwa kuwa chombo cha taifa jipya linalohitaji kupokea mabalozi, wakopeshaji na wawekezaji. Dar es Salaam ilipata hoteli ya Kilimanjaro mwaka 1965, na mwaka 1969 Nairobi ikapata mnara wa duara wa Hilton pamoja na hoteli ya InterContinental, kampuni iliyoanzishwa na shirika la ndege la Pan American. Ilipofika mwaka 1973, wajumbe wa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa walifanya mkutano wao wa mwaka Nairobi, katika jumba la mikutano la Kenyatta lililo hatua chache kutoka hoteli hizo.

Miaka iliyofuata iliendeleza mkondo uleule. Friji ndogo ya vinywaji, iliyowekwa katika vyumba vya Hilton ya Hong Kong mwaka 1974, ilichukua nafasi ya mhudumu aliyepandisha soda na bia usiku, na kufuli la kadi, ambalo Mnorwe Tor Sørnes alilibuni katika muongo huo, lilimwondolea karani wa mapokezi kazi ya kutunza na kugawa funguo. Intaneti ya chumbani, ambayo sasa mgeni huiulizia kabla ya chakula, ni waya au wimbi lingine linalopenya ukuta kwa kusudi lilelile.

Hoteli hizo za Nairobi zenyewe zinaonyesha masharti ya biashara hiyo. InterContinental ilifungwa mwaka 2020 na Hilton ikafunga milango mwishoni mwa mwaka 2022, wakati ambapo kampuni nyingi kubwa zilikuwa zimekwisha hamishia ofisi zao katika vitongoji vya Upper Hill na Westlands, na foleni za magari zikawa zimeifanya safari fupi ya mjini kula saa nzima. Janga la korona lilichangia, lakini hoteli mpya za wafanyabiashara zilizojengwa katika vitongoji hivyo zinathibitisha kwamba mteja hakutoweka, alihama. Kwa karibu karne mbili hoteli ya aina hii imemuuzia mgeni muda wake mwenyewe, kwanza kwa kumweka karibu na shughuli zake, kisha kwa kumwondolea kungoja. Mabomba, nyaya na kadi vinaweza kujengwa popote, na ndiyo maana havikutosha kuibakiza hoteli mjini wakati mjini penyewe palikuwa pameacha kuwa karibu.