Samadi Inayobebwa na Samadi Inayoachwa

Malori hupakia samadi katika maboma ya Kajiado na kuipeleka kwa wakulima wa Kiambu na Murang'a. Anayeyaona yakipita aweza kudhani kwamba mfugaji amezindukia mali aliyokuwa ameilalia tu. Mimi sikubali.

Wamaasai wa zamani hawakubeba samadi, walihama wao. Ng'ombe walilala zizini kwa miaka, kisha mji ukajengwa kwingine na nyasi zikaota pale palipoachwa. Mwaka 2018 mwanaakiolojia Fiona Marshall na wenzake walieleza katika jarida la Nature kuhusu maboma ya wafugaji wa kale huko Narok, mengine yakiwa na umri wa miaka zaidi ya 3,000: udongo wake hadi leo una fosforasi na kalisi nyingi kuliko savana inayouzunguka.

Kisiwani Ukara, katika Ziwa Victoria, mambo yalikwenda kinyume. Watu walikuwa wengi na ardhi haba, hapakuwa na pa kuhamia. Ng'ombe walifungwa ndani, wakaletewa majani, na samadi ikabebwa hadi shambani. Tena Wakara walipanda marejea katikati ya uwele, wakaifukia ioze. Mmaasai alitumia nafasi, Mkara akatumia mgongo wake. Rutuba waliijua wote wawili.

Waingereza waliongeza daftari. Huko Rothamsted, kipande kimoja cha shayiri kilipewa tani 35 za samadi kwa hekta kila mwaka, kuanzia 1852 hadi 1871, kisha kikaachwa. Zaidi ya karne moja baadaye udongo wake ulikuwa ungali bora kuliko wa jirani usiopewa kitu. Narok ilikuwa imesema hivyohivyo, ila bila kuandika.

Hata hivyo, udongo wa tropiki hula haraka. Kabete, ng'ambo ya Milima ya Ngong ukitokea Kimuka huko Kajiado, kuna jaribio la mahindi na maharagwe lililoanza 1976. Vipande vilivyotiwa samadi navyo vilipoteza kaboni, ingawa polepole kuliko vilivyonyimwa, na mavuno mazuri yalipatikana samadi ilipotiwa pamoja na mbolea ya dukani.

Sasa huko Kajiado ranchi za vikundi, zilizoanzishwa kwa sheria ya 1968, zimegawanywa vipande vyenye hati na seng'enge. Boma limetulia kama la Ukara, lakini samadi haiendi katika shamba la mwenyewe, inapanda lori. Naitrojeni nyingi huwa imekwisha kupaa hewani, kwani zizi halina paa. Fosforasi haipai, nayo ndiyo inayosafiri. Simlaumu anayeuza, maana karo hailipwi kwa nyasi. Ila mnunuzi hulipia mzigo wa lori tu, na fosforasi iliyomo ilichumwa mdomo kwa mdomo katika malisho mapana ambayo hayamo kwenye bei.