Zaka, Ushuru na Ghala: Historia ya Maneno na Swali la Mgawo

Ni jambo lijulikanalo na wanafunzi wa Kiswahili kwamba sehemu kubwa ya msamiati wa Ukristo ilikwisha kutumika pwani, katika Uislamu, kabla ya wamisionari kuwasili. Sala, dhambi, imani, nabii na sadaka ni mifano michache tu. Nia ya makala haya ni kulitazama neno moja katika kundi hilo, yaani zaka, na kuonyesha kwamba lilipohamia kanisani liliacha nyuma nusu ya maana yake. Nusu hiyo ndiyo iliyo kiini cha swali linalowasumbua waumini hata leo: ni nani mwenye haki ya kuamua mahali itakapokwenda mali iliyotolewa kwa ajili ya Mungu?

Katika sheria ya Kiislamu zaka hutambulikana kwa mambo mawili: kiwango chake na wapokeaji wake. Fedha na mali ya biashara iliyotimiza nisabu na kukaa mwaka mzima hutolewa sehemu moja katika 40. Mazao yaliyonyweshwa na mvua hutolewa sehemu moja katika 10, na yale yaliyonyweshwa kwa taabu ya mkulima sehemu moja katika 20. Ama wapokeaji, wametajwa katika Kurani, sura ya 9, aya ya 60, nao ni makundi manane, wakiwamo mafakiri, maskini, wenye madeni na wasafiri walioharibikiwa njiani. Wale wanaoikusanya zaka wana fungu lao, lakini ni fungu moja tu kati ya manane. Kwa hiyo mtoaji, hata akiikabidhi mali yake kwa mtu mwingine, anajua ni nani anayestahili kuipata.

Yafaa tujiulize kwa nini wafasiri wa Biblia hawakulichukua neno jingine lililokuwa karibu zaidi na fungu la kumi. Kwa Kiarabu, sehemu ya kumi huitwa ‘ushr, na Biblia ya Kiarabu hulitumia neno hilo kwa wingi wake. Kiswahili nacho kilikuwa nalo kwa umbo la ushuru. Lakini Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844 neno hilo lilikwisha kushikwa na forodha. Ushuru ulikuwa mali ya Sultani, na ukusanyaji wake ulikuwa umekodishwa kwa tajiri wa Kihindi, Jairam Shivji. Hata hesabu ya kumi ilikuwa imesahauliwa, kwani kwa mkataba wa mwaka 1833 wafanyabiashara wa Marekani walilipa sehemu 5 tu katika 100. Neno lililonuka forodhani lisingeweza kusimama madhabahuni.

Matokeo yake ni ya ajabu kidogo. Katika Biblia ya Muungano ya mwaka 1952, fungu la kumi ndilo jina la kile Abramu alichompa Melkizedeki (Mwanzo 14), na zaka ndilo linalosomwa katika Malaki 3 na Mathayo 23. Katika Kumbukumbu la Torati 14:22 mafasiri wameyaunganisha yote mawili, kana kwamba moja halikutosha. Nao mfano wa watu wawili waliopanda kusali, katika Luka 18, unamweka Farisayo mwenye kujisifu kwa zaka zake kando ya mtoza ushuru. Kwa asili ya maneno, mwenye jina la “kumi” ni yule mwenye dhambi, na mwenye neno la utakaso, maana hiyo ndiyo asili ya zaka, ni yule aliyerudi nyumbani bila kuhesabiwa haki.

Lakini lililo kubwa zaidi ni lile lililoachwa. Neno zaka liliingia kanisani likiwa na kiwango bila ya orodha ya wapokeaji. Sababu yake haikuwa Maandiko yenyewe, kwa kuwa Torati nayo inawataja. Hesabu 18 inawapa Walawi zaka, nao wanaagizwa kutoa sehemu ya kumi ya hiyo waliyopokea. Kumbukumbu la Torati 14:28-29 inaagiza kwamba zaka ya mwaka wa tatu iwekwe malangoni, ale Mlawi pamoja na mgeni, yatima na mjane. Hata ghala la Malaki, ambalo wahubiri hulitaja mara nyingi kuliko jingine lolote, lilikuwa ghala la chakula. Nehemia 13 inasimulia kwamba Walawi walipokosa mafungu yao walikimbilia mashambani, naye Nehemia akaweka watunza hazina walioaminika, ambao kazi yao ilikuwa kuwagawia ndugu zao. Ghala lisilo na mgawanyi mwaminifu halikujulikana.

Historia ya Kenya inaonyesha jinsi pengo hilo lilivyozibwa. Henry Venn, aliyekuwa katibu wa Church Missionary Society tangu mwaka 1841 hadi 1872, alifundisha kwamba kanisa la wenyeji lazima lijitegemee kwa fedha, lijitawale na lijieneze. Hapana budi mambo hayo matatu yaende pamoja. Baada ya mgogoro wa mwaka 1929 kuhusu tohara ya wasichana, Wakikuyu wengi walioacha misheni walijenga shule zao wenyewe kwa michango yao, na Githunguri ilifunguliwa mwaka 1939 kama chuo cha walimu. Waliotoa walijua walichokitolea. Mwaka 1971, mjini Milwaukee, Marekani, John Gatu wa Kanisa la Presbyterian la Afrika Mashariki alitoa wito kwamba wamisionari na fedha za kigeni visimamishwe kwa muda, na mkutano wa makanisa ya Afrika uliokutana Lusaka mwaka 1974 ukauunga mkono. Hoja yake ilikuwa dhahiri: anayetoa ndiye anayeamua, na asiyetoa huamuliwa.

Huenda msomaji akasema kwamba, kwa mantiki hiyo, kila muumini na apeleke zaka yake apendako. Hapo pana hatari. Mtoaji huwaona walio karibu naye, na yatima asiye na jamaa wala msemaji husahauliwa. Matendo ya Mitume 6 inaeleza kwamba wajane wa upande mmoja walipopuuzwa katika huduma ya kila siku, mitume hawakuivunja hazina ya pamoja. Waliutaka mkutano uchague watu saba wenye kushuhudiwa vema. Hazina ilibaki moja, lakini wagawanyi walichaguliwa na watu, na wapokeaji walijulikana.

Watungaji wa kamusi nao wana sehemu yao katika jambo hili. Kuifasili zaka ya Kikristo kuwa sehemu ya kumi ya mapato itolewayo kanisani ni kueleza safari ya mali mpaka mlangoni mwa ghala tu. Fasili iliyo kamili ingetaja pia wanaokula humo: mhudumu, mgeni, yatima na mjane. Neno likiwataja, muumini atakuwa na lugha ya kuulizia mgawo bila ya kuonekana mwasi.