Kabul 2021: Mbona walikasirika hata waliotaka vita viishe?

Wengi wetu tunaikumbuka video ile. Ndege kubwa ya kijivu ya jeshi la Marekani inakimbia ili iruke, na mamia ya watu wanakimbia pembeni yake. Wengine wameng'ang'ania ubavuni mwa ndege. Ilikuwa Agosti 16, 2021, katika uwanja wa ndege wa Kabul, mji mkuu wa Afghanistan. Video hiyo ilizunguka kwenye simu zetu kwa siku nyingi, mara nyingi bila maelezo yoyote.

Katika makala haya tunaeleza jinsi watu walivyoupokea uondokaji huo: Wamarekani, washirika wao wa Ulaya, na Waafghanistan wenyewe. Swali letu kubwa ni moja. Kama Wamarekani wengi walikuwa wamevichoka vita hivyo, mbona walikasirika vilipokwisha?

Tarehe za kukumbuka

- Oktoba 7, 2001: Marekani inaanza kuishambulia Afghanistan, wiki chache baada ya mashambulizi ya Septemba 11. Utawala wa Taliban unaangushwa.
- Februari 29, 2020: Serikali ya Donald Trump inatia saini mkataba na Taliban mjini Doha, Qatar. Wanajeshi wa kigeni watakiwe wawe wameondoka ifikapo Mei 1, 2021. Serikali ya Afghanistan haikuwa sehemu ya mkataba huo.
- Aprili 14, 2021: Rais Joe Biden anatangaza kwamba wanajeshi watakuwa wameondoka ifikapo Septemba 11. Baadaye anaisogeza tarehe hiyo hadi Agosti 31.
- Agosti 6, 2021: Taliban wanauteka Zaranj, mji mkuu wa kwanza wa mkoa kuanguka mwezi huo.
- Agosti 15, 2021: Taliban wanaingia Kabul. Rais Ashraf Ghani anakimbia nchi.
- Agosti 30, 2021: Ndege ya mwisho ya Marekani inaruka, saa sita kasoro dakika moja usiku.

Siku 15 za uwanja wa ndege

Kutoka Zaranj hadi Kabul zilipita siku tisa tu. Mwezi Julai, Rais Biden alikuwa amewaambia waandishi wa habari kwamba watu hawataona tena yale ya Saigon mwaka 1975, pale helikopta zilipowachukua watu kutoka juu ya majengo vita vya Vietnam vikiisha. Agosti 15 helikopta zilionekana zikiruka juu ya ubalozi wa Marekani mjini Kabul. Magazeti yakaziweka picha hizo mbili bega kwa bega.

Tatizo lilianza kabla ya siku hiyo. Mwanzoni mwa Julai, Wamarekani waliondoka usiku katika kambi yao kubwa ya Bagram. Kamanda wa Afghanistan aliyeipokea alisema hakujua wameondoka mpaka walipokwisha kwenda. Mafundi wa kigeni waliokuwa wakizitengeneza ndege za jeshi la Afghanistan nao walikuwa wakirudi makwao. Kabul ilipoanguka, mlango wa kutokea ukabaki mmoja, yaani uwanja wa ndege wa mjini.

Kwa zaidi ya wiki mbili, watu walisimama kwenye mageti ya uwanja huo mchana na usiku. Wengine walisimama ndani ya mtaro wa maji machafu huku wameinua karatasi zao juu. Zaidi ya watu 120,000 walisafirishwa, na ndege moja ya mizigo ilibeba watu 823 kwa safari moja. Lakini wengi walibaki nje ya ukuta. Agosti 26 mtu alijilipua kwenye lango linaloitwa Abbey, akaua wanajeshi 13 wa Marekani na Waafghanistan wapatao 170. Tawi la kundi la Islamic State lilisema ndilo lililohusika.

Siku tatu baadaye, Marekani ilirusha kombora Kabul ikidai imemuua mshambuliaji mwingine. Waliokufa walikuwa raia 10, saba kati yao watoto. Septemba 17 jeshi lilikiri kwamba lilikosea. Hakuna mwanajeshi aliyeadhibiwa.

Marekani: uamuzi mbali, utekelezaji mbali

Hapa ndipo jibu la swali letu lilipo. Shirika la utafiti la Pew liliwahoji Wamarekani mwishoni mwa Agosti 2021. Asilimia 54 walisema uamuzi wa kuondoka ulikuwa sahihi, na asilimia 42 walisema ulikuwa kosa. Lakini walipoulizwa serikali imeifanyaje kazi hiyo, ni asilimia 26 tu waliosema imeifanya vizuri. Asilimia 42 walisema imeifanya vibaya.

Kwa hiyo mtu mmoja aliweza kusema mambo mawili kwa pamoja: tuondoke, lakini si hivi.

Rais Biden aliutetea uamuzi wake. Alisema alirithi mkataba wa Doha, na kwamba Wamarekani hawawezi kufa katika vita ambavyo jeshi la Afghanistan lenyewe halitaki kupigana. Kauli hiyo iliwachoma Waafghanistan wengi, kwa sababu inakadiriwa kwamba askari na polisi wao zaidi ya 60,000 walikufa katika miaka 20 ya vita hivyo. Wapinzani wake wa chama cha Republican walimlaumu yeye, na Wademokrati wengi wakaelekeza lawama kwa Trump na mkataba wake. Katika vipimo vya Gallup, waliokubaliana na kazi ya Biden walishuka kutoka asilimia 49 mwanzoni mwa Agosti hadi 43 mwezi Septemba.

Waliopigana na waliofiwa

Uchungu mkubwa zaidi ulikuwa kwa wanajeshi wa zamani. Wengi wao walikuwa wamefanya kazi na wakalimani wa Kiafghanistan, watu waliowaahidi kwamba hawataachwa. Ahadi ni deni. Marekani ilikuwa na viza maalumu kwa watu hao, lakini maelfu ya maombi yalikuwa bado yamekwama kwenye foleni Kabul ilipoanguka.

Wanajeshi hao wakakaa na simu zao usiku kucha. Kutoka sebuleni Texas au Virginia walimwelekeza mkalimani aliye Kabul aende geti lipi, avae nini, ainue karatasi ya rangi gani ili askari wa ndani amtambue. Baadhi walifaulu. Wengine walisikia simu ya upande wa pili ikizimika.

Luteni Kanali Stuart Scheller wa kikosi cha wanamaji aliweka video mtandaoni siku ya mlipuko wa Abbey. Hakulaumu kuondoka, aliuliza kwa nini hakuna mkubwa hata mmoja anayekubali kosa. Aliondolewa kwenye ukamanda wake, akashtakiwa katika mahakama ya kijeshi, akakiri na kutozwa faini. Septemba 28, Jenerali Mark Milley aliliambia Baraza la Seneti kwamba usafirishaji wa watu ulifanikiwa, lakini kwa mkakati mzima wa vita Marekani ilishindwa.

Ulaya: wawili wajiuzulu

Uingereza ilipoteza wanajeshi 457 Afghanistan. Agosti 18 Bunge lake liliitwa kutoka likizo, na hata wabunge wa chama tawala, akiwemo Waziri Mkuu wa zamani Theresa May, waliishambulia serikali yao. Waziri wa Mambo ya Nje, Dominic Raab, aliandamwa kwa sababu alikuwa mapumzikoni Ugiriki Kabul ilipokuwa ikianguka. Mwezi uliofuata alihamishiwa wizara nyingine.

Uholanzi mambo yalikwenda mbali zaidi. Bunge lilipopitisha azimio la kuilaumu serikali kwa jinsi ilivyowaondoa watu, Waziri wa Mambo ya Nje Sigrid Kaag alijiuzulu Septemba 16. Kesho yake, Waziri wa Ulinzi Ank Bijleveld naye akaondoka.

Waafghanistan: mji na kijiji havikulia pamoja

Ni rahisi kudhani kwamba Waafghanistan wote walikuwa uwanja wa ndege. Sivyo.

Mijini, hofu ilikuwa kubwa. Agosti 18 watu wa Jalalabad waliandamana na bendera ya rangi tatu ya nchi yao, wakapigwa risasi na baadhi wakafa. Septemba wanawake waliandamana Herat na Kabul wakidai kazi na elimu. Mwezi huohuo shule za sekondari zilifunguliwa kwa wavulana peke yao. Machi 23, 2022 wasichana walivaa sare wakaenda shuleni, wakarudishwa nyumbani siku hiyohiyo.

Vijijini, hasa katika mikoa kama Helmand iliyopigwa mabomu kwa miaka mingi, wapo walioshusha pumzi. Uvamizi wa usiku ulikoma na barabara zikapitika. Kwa mkulima aliyezika watoto, nani anatawala Kabul lilikuwa jambo la baadaye. Lakini nafuu hiyo haikuja na chakula. Misaada ya nje ilikatika ghafla, takribani dola bilioni 7 za benki kuu ya nchi zilizokuwa Marekani zikazuiwa, na walimu na wauguzi wakakaa miezi bila mshahara. Wakati huohuo ukame ulikuwa umeshaharibu mazao.

Wimbi lilifika mpaka kwetu

Agosti 25, 2021 ndege ilitua Entebbe, Uganda, ikiwa na watu 51 kutoka Afghanistan. Rwanda nayo ilipokea shule nzima: shule ya bweni ya wasichana iitwayo SOLA ilihamisha wanafunzi, walimu na familia, karibu watu 250, kutoka Kabul hadi Rwanda, ili masomo yasikatike.

Nchi zetu pia zimekuwa na wanajeshi nje ya mipaka, Somalia na Kongo. Wote hao hurudi siku moja. Ndiyo maana tunaona habari hii inatuhusu.

Ukisikia redioni kwamba jeshi fulani linaondoka katika nchi fulani, usiishie kuuliza lini. Uliza mkataba umetiwa saini na nani, na nani hakuwa mezani. Kisha mwulizie mkalimani, dereva na mpishi wa kambi: wao watatoka kwa mlango upi? Kabul mwaka 2021, swali hilo la mwisho lilitafutiwa jibu getini, wakati ndege ya kwanza ilikuwa imeshaanza kukimbia.