Vyombo Vinavyoelewana

Amplifaya ya baba niliiunguza mimi. Ilikuwa Jumapili, wiki chache baada ya arobaini yake. Nilikuwa nimeshusha kutoka juu ya kabati amplifaya, deki ya kaseti na spika mbili za mbao, nikitaka kusikia kanda zake kama yeye alivyozisikia. Kati ya amplifaya na ukuta palikuwa na kidude kizito cha chuma. Nilikiona takataka, nikakiweka pembeni, nikachomeka waya moja kwa moja kwenye soketi. Taa iliwaka. Kisha ikaja harufu.

Kile kidude kilikuwa transfoma ya kushusha umeme. Amplifaya ilitengenezwa kwa ajili ya soko la Japani, ambako umeme wa nyumbani ni volti 100. Wetu ni 230. Nyuma yake iliandikwa hivyo kwa herufi ndogo, na mimi, msomi wa familia, sikusoma.

Kesho yake nikapanda mwendokasi hadi Gerezani, nikaingia Kariakoo kutafuta nyingine. Masabufa yalikuwa yamepangwa hadi darini, kila moja likipiga wimbo wake. Muuzaji wa kwanza aliniuliza nina shilingi ngapi. Wa pili aliniuliza nataka wati ngapi. Nikaishia kwa fundi mmoja mzee mwenye meza yake kwenye korido ya nyumba ya zamani. Nilimwamkia, akaitikia, akaniangalia mzigo niliobeba.

"Unataka kusikiliza nini, mwanangu?"

Nikamwambia: muziki wa dansi. Kanda za marehemu baba.

"Basi tuanzie huko. Amplifaya tutaiongelea mwisho."

Nilidhani ni mazungumzo ya mzee anayepoteza muda. Sasa naona kwamba swali lile ndilo lililobeba historia yote ya kusikiliza muziki katika mji huu.

Soko la Kariakoo, lile jengo lililobuniwa na msanifu Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975. Ungeweza kupata humo samaki na viazi. Amplifaya ilikuwa habari nyingine. Fedha za kigeni zilikuwa adimu, na kuagiza kitu nje kulihitaji kibali ambacho mtu binafsi alikipata kwa shida. Ndiyo maana katika lugha ya dansi neno "vyombo" lilikuwa na uzito wake. Vyombo ni magitaa, ngoma, maikrofoni, amplifaya na spika, na mwenye vyombo ndiye aliyekuwa mwenye bendi. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park ilianza mwaka 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi, na mwaka 1983 ikaingia mikononi mwa DDC, shirika la maendeleo la jiji. Mwanamuziki aliweza kuhama na sauti yake na vidole vyake. Vyombo vilibaki.

Fundi wangu alijifunzia kazi katika miaka hiyo. Hakukuwa na kuchagua, alisema. Kilicholetwa ndicho ulichokifanyia kazi: amplifaya ya nchi hii, spika za nchi ile, plagi ya nchi nyingine kabisa. Kazi ya fundi ilikuwa kuvipatanisha.

Nyumbani mambo yalikuwa mepesi zaidi. Wengi walikuwa na redio tu, na nyingi zilikuwa za National, zilizotengenezwa hapahapa Dar es Salaam kwenye kiwanda cha Matsushita pamoja na betri zake. Bara ilikuwa na redio moja, ya taifa. Bendi ziliingia studio za Radio Tanzania, Barabara ya Pugu, ambayo leo ni Barabara ya Nyerere, zikapiga wimbo mzima kwa pamoja mbele ya maikrofoni chache. Bendi nyingine zilisafiri hadi Nairobi kurekodi santuri, lakini mpaka na Kenya ulifungwa mwaka 1977, na haukufunguliwa tena hadi 1983.

Sasa angalia kilichokuwa kimetokea bila mtu kukipanga. Rekodi ilikuwa ya mono. Masafa ya kati yaliyoirusha hewani hubeba sauti hadi takribani hezi 4,500 tu, wakati sikio la kijana husikia hadi karibu hezi 20,000. Na redio iliyoipokea ilikuwa na spika moja ndogo. Studio, hewa na redio vilikuwa vinaelewana. Kilichopita kwenye tundu hilo jembamba ndicho hasa kilichokuwa roho ya dansi: sauti ya mwimbaji, magitaa yanayojibizana, tarumbeta.

"Kwa hiyo," fundi akaniambia, "ukinunua spika ya mamilioni yenye twita kali, itakuonyesha nini? Mchakacho wa kanda."

Hapo nilielewa kwa nini swali la kwanza lilikuwa lile. Mnyororo wa sauti huanzia kwenye chanzo. Spika haiwezi kutoa kisichokuwemo kwenye kanda. Huweza tu kutoa zaidi yale usiyoyataka.

Kuhusu wati, alichukua kalamu. Spika zina kitu kinachoitwa usikivu: ukiipa wati moja, inatoa desibeli ngapi kwa umbali wa mita moja. Kila unapoongeza nguvu ya amplifaya mara mbili, unapata desibeli 3 tu. Maana yake spika ya desibeli 92 inayosukumwa na wati 25 inasikika sawa na spika ya desibeli 86 inayosukumwa na wati 100. Muuzaji anayekuuliza wati peke yake amekuuliza nusu ya swali.

Kisha omu. Kwa volti zilezile, spika ya omu 4 huvuta mkondo maradufu kuliko ya omu 8. Na ukifunga spika mbili za omu 8 kwenye tundu moja, sambamba, amplifaya inaona omu 4. Ukiongeza jozi nyingine, inaona 2. Ndivyo amplifaya nyingi zinavyokufa kwenye sherehe za mtaani: kila mtu analeta spika yake, na hakuna anayepiga hesabu.

Milango ilianza kufunguka mwaka 1984, serikali iliporuhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuleta bidhaa bila kuulizwa wamezipata wapi. Mwaka uliofuata akaingia Rais Mwinyi, ambaye watu walimwita Mzee Ruksa. Redio kaseti na deki zikajaa. Wafanyabiashara wakaenda Dubai, baadaye Guangzhou. Ni katika wimbi hilo kwamba baba, mwalimu wa shule ya msingi, alipata amplifaya ya mtumba.

Sabufa ya leo ni mtoto wa safari hizohizo, na sitaidharau. Ndani ya boksi moja una amplifaya, spika, redio na mahali pa kuchomeka flashi, na volti ni za kwetu. Imemwondolea mnunuzi mzigo wa kupatanisha. Kwa singeli katika chumba cha kupanga, inafanya ilichotengenezwa kufanya. Lakini ilipatanishwa na mtu mwingine, kwa ajili ya muziki mwingine. Niliijaribu kanda ya baba kupitia sabufa ya jirani: besi ilivimba, gitaa la kati likazama.

Fundi alifungua amplifaya, akasoma, akageuza spika zetu za mbao, akasoma tena. Wati 25. Omu 8. Desibeli 92. Alinyamaza kidogo.

"Nani alimchagulia mzee hivi vyombo?"

"Alichagua mwenyewe."

"Alijua."

Nilikuwa nimeishi na vyombo vile utoto wangu wote nikiamini ni vitu vya kuokoteza, alivyonunua kwa sababu hakuweza kununua bora. Kumbe kile kipande cha chuma nilichokiita takataka kilikuwa sehemu ya hesabu yake, na mimi ndiye niliyeiondoa.

Sikununua amplifaya nyingine. Fundi aliisuka upya transfoma ya ndani, safari hii kwa volti 230, akabadilisha mkanda wa deki na kusafisha hedi kwa spiriti. Ilimchukua wiki tatu.

Sasa jioni naweka kanda moja, sauti ya wastani, jirani hasumbuki. Magitaa yako mahali pake. Wimbo unapokwisha mtangazaji anaanza kutaja jina la bendi, halafu anakatika katikati ya neno. Ni pale baba alipobonyeza kitufe.